Kubadili kuponi za chakula bila kumwachia mtu karatasi mkononi: mwongozo kamili

Kuponi ya chakula ni deni. Siku unapomkabidhi mama karatasi iliyoandikwa shilingi 200, umeahidi mambo mawili: kwamba dukani atapewa unga, na kwamba mwenye duka atakuja kwako alipwe. Ukitangaza kuwa karatasi hiyo inabadilishwa, wote wawili wanashtuka, lakini anayeshtuka zaidi ni mwenye duka. Yeye ana bunda zima kwenye droo. Akianza kuzikataa, kuponi ya zamani imekufa siku hiyohiyo, hata kama tangazo lako linasema bado ina miezi miwili.

Nimekaa upande wa meza ya karani katika zoezi kama hili, na nimeona likiharibika kwa sababu hiyo hasa. Kuponi mpya zilikuwa nzuri, zimechapwa vizuri, mabango yamebandikwa kila kona. Wenye maduka walikuwa wanadai malipo ya wiki sita. Kufikia saa nne asubuhi ya siku ya kwanza hapakuwa na duka hata moja linalopokea ya zamani, na foleni ikahamia ofisini kwetu.

Mwongozo huu ni kwa wanaosimamia kuponi za karatasi: kambini, kwenye msaada wa ukame, au katika kamati ya kata. Najua wengi wameshahamia kwenye simu. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kule Kenya, ilianza mpango wa Bamba Chakula mwaka 2015 na kambi ya Dadaab ikafuata 2016, mgao ukawa unaingia kwenye laini ya simu na kutumika kwa wafanyabiashara walioingia mkataba. Lakini karatasi haijaisha, hasa pale mtandao unapokuja na kuondoka kama wageni, na hatua nyingi za hapa zinafaa hata kwa anayetoka kwenye karatasi kwenda kwenye kadi.

Kwanza jiulize kama unahitaji kubadili

Sababu nzuri ni tatu hivi. Kuponi za bandia zimeonekana na huwezi kuzitenganisha na halisi. Thamani zilizoandikwa hazilingani tena na bei za sokoni. Au karatasi yenyewe haidumu, inalowa jasho na kufutika namba. Kama tatizo ni kwamba mgao hautoshi, muundo mpya hautalitatua. Ongeza idadi ya kuponi kwa kaya, uache sura ilivyo. Na kama tatizo ni nembo ya mfadhili mpya kutaka kuonekana, mwombe asubiri uchapaji ujao. Sijawahi kuona nembo iliyostahili kuwasimamisha watu elfu tatu juani.

Suala la thamani nalitilia mkazo kwa sababu ya Marekani. Mpango wao wa stempu za chakula ulianza Rochester, New York, mwezi Mei 1939, ukafungwa 1943, ukarudi kwa majaribio 1961 na kuwa sheria 1964. Kwa miaka mingi tatizo dogo lililosumbua maduka lilikuwa chenji. Kuponi ndogo kabisa ilikuwa senti 50, na chini ya hapo duka lilitoa hati za mkopo au vitufe vya plastiki na vya bati vinavyotumika kwenye duka hilohilo tu. Mteja akawa amefungwa kamba mguuni. Baadaye kuponi zikawa za dola 1, 5 na 10, na chenji isiyofika dola ikatolewa kwa sarafu. Kabla ya kuchora kuponi yako, nenda sokoni na daftari, andika bei ya kilo ya unga, ya maharage, ya nusu lita ya mafuta, ya chumvi. Kuponi ndogo kabisa iweze kununua kitu kidogo kabisa ambacho watu hununua peke yake. Ikiwa kuponi ndogo ni 200 na chumvi ni 40, usimlaumu mwenye duka anayemjazia mama pipi.

Hatua ya kwanza: hesabu deni lililo nje

Usichapishe chochote kabla ya kujua ni kuponi ngapi za zamani ziko mikononi mwa watu. Hesabu ni nyepesi, kuipata ndiyo kazi. Chukua zilizochapwa, toa zilizobaki stoo, toa zilizoharibika zikaandikwa, na hapo una zilizotolewa. Kisha toa zilizorudi na kulipwa. Kinachobaki ndicho deni.

Tuseme zilichapwa 60,000. Stoo ziko 11,200, zilizoharibika 200. Zilizotolewa ni 48,600. Kama leja ya malipo inaonyesha 44,100 zimerudi, nje ziko 4,500. Kila moja ikiwa ya shilingi 200, unadaiwa shilingi 900,000, na fedha hizo ziwe zimetengwa benki kabla ya neno la kwanza kutoka mdomoni mwako.

Hesabu stoo kwa mkono, watu wawili, boksi kwa boksi, namba ya kwanza na ya mwisho ya kila kitabu. Usiamini karatasi iliyobandikwa juu ya boksi. Ikiwa zilizorudi ni nyingi kuliko zilizotolewa, simama hapo: una bandia, au una mtu ndani. Kwa vyovyote hilo ni suala la kutatuliwa kabla ya mabadiliko, kwa sababu siku za kubadilishana ndizo siku bora kabisa za kuingiza kuponi haramu.

Gawanya pia deni hilo kati ya walionalo. Waulize wafanyabiashara, mmoja mmoja na faraghani, wana kuponi ngapi. Watakaokwambia ukweli ni wale unaowalipa kwa wakati.

Hatua ya pili: panga tarehe, na kwa umma toa moja

Ndani ya ofisi unahitaji tarehe tano. Mgao ukiwa unatoka tarehe 5 ya kila mwezi, ratiba inaweza kuwa hivi. Tarehe 5 Machi ndio mgao wa mwisho wa kuponi za zamani. Tarehe 5 Aprili mpya zinaanza. Maduka yanapokea zote mbili hadi 31 Mei. Wafanyabiashara wanaleta za zamani walipwe hadi 14 Juni. Meza ya kubadilisha zilizobaki kwa familia inafunguliwa 5 Aprili na kufungwa 30 Juni.

Kwa watu, tangaza 31 Mei tu kuwa mwisho wa kununulia. Ukiwapa tarehe zote tano, kesho yake kijiwe cha kahawa kitakuwa na tarehe nane. Tarehe ya wafanyabiashara lazima iwe baada ya tarehe ya wanunuzi, la sivyo hakuna duka litakalopokea kuponi wiki ya mwisho, na hakuna wa kulilaumu.

Utaona kwamba katika ratiba hii watu wengi hawahitaji kubadilisha chochote. Wanakula za zamani, mwezi unaofuata wanapewa mpya. Duka ndilo linalokukusanyia. Wanaotaka siku moja kuu ambapo kila kaya inapanga foleni na kuponi za zamani mkononi wanajitafutia kazi, tena ya hatari, maana mtu aliyebeba kuponi za mwezi mzima njiani anajulikana amebeba nini.

Muda gani unatosha? Wakenya wanakumbuka noti ya zamani ya shilingi 1,000 mwaka 2019: tangazo 1 Juni, mwisho 30 Septemba, na noti kama milioni 7.4 hazikurudi. Watanzania nao walipewa kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 kurudisha noti za matoleo ya 1985 hadi 2003. Usinakili muda huo kama ulivyo. Kenya ilikuwa na nia ya kunasa fedha zilizofichwa, na kutorudi kwa noti hizo kulikuwa sehemu ya shabaha. Wewe hutaki kumnasa mtu. Kuponi isiyorudi kwako ni chakula ambacho hakikuliwa. Kwa upande mwingine kuponi haiwekwi chini ya godoro miaka mitano, hivyo mizunguko miwili kamili ya mgao inatosha, mitatu kama watu wako ni wafugaji wanaohama.

Kwepa wiki ya kwanza ya Ramadhani, wiki ya kufungua shule, na msimu wa kupanda. Kwepa uchaguzi kabisa. Kila kinachogawiwa mwaka wa uchaguzi hupata baba.

Hatua ya tatu: mchoro

Alama za usalama ziwe chache na za kukaguliwa na muuzaji aliyesimama kwenye kibanda chenye taa ya sola. Mimi huchagua tatu: moja ya kugusa, kama maandishi yaliyoinuka, moja ya kuinua kwenye mwanga, yaani picha iliyo ndani ya karatasi, na namba ya mfululizo iliyochapwa mara mbili, pande mbili za kuponi. Wino unaoonekana kwa taa maalumu unapendeza kwenye mkutano wa zabuni. Dukani taa hiyo haipo.

Rangi ya mpya iwe mbali kabisa na ya zamani, usibadilishe kijani kibichi kuwa kijani kilichoiva. Kata pembe moja kwa kuponi ya thamani ndogo, mbili kwa ya kati, ili asiyeona na asiyesoma wajue walichoshika. Andika thamani kwa tarakimu kubwa, na maneno machache katika lugha zinazosemwa pale. Picha ya gunia au chupa ya mafuta fikiria mara mbili: ukichora chupa, watu watasema kuponi hii ni ya mafuta tu, na wenye maduka watakubaliana nao.

Kabla ya kuchapa, chukua nakala za majaribio zilizopigwa muhuri wa SAMPULI na kutobolewa, uwapelekee watu kumi: bibi mmoja, muuzaji mmoja, kijana mmoja wa kubeba mizigo, na wengine. Waulize, "Hii ni shilingi ngapi? Unanunulia nini? Inaisha lini?" Usiwaelekeze. Wakikosea watatu, mchoro ndio uliokosea.

Mpe mchapaji mfululizo mpya wa namba wenye herufi tofauti mwanzoni. Agiza mahitaji ya miezi sita na ziada ya kama sehemu moja ya kumi, usizidishe. Sahani za uchapaji na karatasi zilizoharibika ziteketezwe mbele ya mtu wako. Stoo iwe na kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wasiokula chungu kimoja.

Hatua ya nne: lipa madeni ya wafanyabiashara, kisha waite

Utaratibu ni huo. Kuwaita kabla ya kuwalipa ni kuwapa taarifa ya kuanza kukataa kuponi. Wiki mbili kabla ya tangazo la umma, maliza malimbikizo yote, na kwa kipindi chote cha mabadiliko lipa kila wiki hata kama mkataba unasema kila mwezi. Mhasibu atalalamika. Mletee soda, umweleze kuhusu foleni ya saa nne.

Kwenye mkutano, mpe kila muuzaji sampuli moja ya kila thamani, agandishe ukutani. Wafundishe alama tatu kwa kuwachanganyia halisi na fotokopi mezani wachague wenyewe. Waambie thamani ya kuponi haibadiliki: asiyepokea ya zamani kwa thamani kamili hadi 31 Mei anaondolewa kwenye orodha. Wapo watakaotaka kuinunua ya 200 kwa 150 kwa kisingizio kwamba inakwisha. Tuma mtu asiyejulikana akanunue siku ya tatu na siku ya kumi, uone.

Lipo jambo lisilosemwa kwenye mikutano. Familia nyingi hukopa dukani, na muuzaji hushika rehani kadi ya mgao, au laini ya simu na namba yake ya siri, mpaka deni liishe. Limezungumzwa sana kuhusu Kakuma. Kuponi mpya zinapofika, muuzaji huyo huogopa mteja kuhamia kwingine, na anaweza kumkalia kooni alipe lote kwa mpigo. Hutalimaliza kwa amri. Ukiwatisha, mikopo itafungwa, na mikopo hiyo ndiyo inayowalisha watu siku tano za mwisho wa mwezi. Ninachofanya ni kuwaomba wote, mbele ya viongozi wa zoni, wakubali kwamba kipindi cha mabadiliko madeni yanabaki yalivyo na yanalipwa kidogokidogo kama zamani. Wengi hukubali, kwa kuwa wanajua kesho watakutana msikitini.

Hatua ya tano: namna ya kusema

Neno linalosafiri haraka kuliko gari lako ni "zimefutwa". Kwa hiyo anza kwa kinyume chake. Tangazo langu huwa hivi, na husomwa bila kuongezwa chumvi:

"Ndugu zetu, kuponi mlizonazo bado ni halali. Nunueni nazo kama kawaida hadi tarehe 31 Mei. Mgao wa Aprili mtapewa kuponi mpya za rangi ya machungwa. Thamani ni ileile, hakuna aliyepunguziwa. Hakuna malipo yoyote ya kubadilisha. Ukikataliwa dukani, njoo kwenye meza yetu karibu na kisima namba mbili au mwambie kiongozi wa bloku yako."

Maneno hamsini hivi yanatosha. Yasomwe baada ya sala ya Ijumaa, kanisani Jumapili, kwenye kliniki ya wajawazito, na kwa kipaza sauti cha bodaboda jioni watu wakiwa nyumbani. Wanaofunga mlango saa kumi na mbili, kama wagonjwa na wanawake wasiotoka, wafikiwe kwa miguu. Rudia wiki mbili kabla ya mwisho, na tena siku tatu kabla. Sentensi ya "hakuna malipo" usiiache hata mara moja. Pasipo hiyo, kuna kijana atakayekuwa amesimama njiani akitoza shilingi 20 kwa kila anayekwenda mezani.

Hatua ya sita: meza ya kubadilisha

Meza hii ni ya mabaki: aliyekuwa hospitali, aliyesafiri, aliyeweka akiba ya mwezi, mwenye kuponi iliyochanika. Isiwe kwenye uwanja wa mgao. Mtu mmoja huchukua kama dakika nne: kuangalia kadi, kuhesabu, kukagua, kuandika namba, kumpa mpya, alama ya kidole. Kwa saa tano za kazi meza moja inahudumia watu 75. Ukitarajia 450, weka meza mbili kwa siku tatu, kivuli, maji, na mstari wa peke yao kwa wazee na wajawazito.

Kila kuponi ya zamani inayopokelewa itobolewe papo hapo, mwenyewe akiona. Isiingie kwenye bahasha ikiwa nzima. Kuponi nzima isiyo na mwenyewe ina miguu.

Iliyochanika ibadilishwe ikiwa namba moja ya mfululizo inasomeka yote. Ndiyo maana uliichapa mara mbili. Aliyepoteza kabisa hapewi nyingine hapo mezani, jina lake linaandikwa na kamati inakaa Alhamisi. Anayemwakilisha mgonjwa aje na kadi ya mgonjwa na mtu wa bloku anayemfahamu. Na akija mtu na kuponi mia mbili ambazo si za kaya yake? Usimkamate, usimfokee. Andika namba zake, mpe risiti ya kuzipokea bila kumlipa, na mwambie arudi baada ya wiki. Zikiwa za kaya zilizomuuzia kwa shida, utazijua kwa orodha. Zikiwa za bandia, hatarudi.

Hatua ya saba: kuteketeza, na zile zinazochelewa

Kuponi zilizotobolewa zihesabiwe kila jioni na kufungwa mafungu ya mia, hesabu ya meza ilinganishwe na leja. Usizichome kabla mkaguzi hajaziona. Siku ya kuchoma wawepo mtu wa fedha, mtu wa stoo, na mwakilishi wa wanaopokea msaada, waandike idadi na namba za mafungu, wasaini, na wakoroge majivu kwa fimbo. Karatasi zilizofungwa mafungu huungua pembeni na kubaki nzima katikati, nimeziokota nikazisoma.

Baada ya 30 Juni zitabaki chache. Marekani majimbo yote yalikuwa yameshahamia kwenye kadi za elektroniki kufikia 2004, lakini kuponi za karatasi ziliendelea kupokelewa hadi Juni 2009. Miaka mitano, kwa nchi yenye benki kila mtaa. Wewe huna haja ya kuweka duka wazi muda huo. Weka daftari moja ofisini, lenye namba ambazo hazikurudi, na fungu dogo la fedha kwa mwaka mmoja. Akija mzee mwezi wa Novemba na kuponi tatu alizozikunja ndani ya Kurani au Biblia, tazama namba zake daftarini, zitoboe, mpe mpya zenye thamani hiyo, na ukate mstari juu ya namba hizo.